Kulilaza Kovu

Siku waliyokuja kumchukua, Mikidadi alikuwa kibarazani kwake Mafiga akichonga ufunguo kwa tupa. Walikuja asubuhi kweupe, vijana wa ulinzi shirikishi wakiongozwa na mwenyekiti wa mtaa, na hawakumshika mkono wala kumtukana. Mwenyekiti alimwambia tu kwamba wanamhitaji ofisini kwa mazungumzo kidogo. Mkewe Hidaya akatoka jikoni na unga mikononi, akauliza kuna nini.

Nyumba ya Josephina, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ilikuwa imeibiwa. Televisheni ilikuwa imekwenda, mtungi wa gesi umekwenda, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Mtu wa mwisho kubadilisha kitasa cha mlango ule alikuwa Mikidadi, fundi wa vitasa na kufuli. Kisha jirani mmoja akasema alimwona mtu mwenye kovu akizungukazunguka pale. Alimwona kweli, lakini ilikuwa siku ile ya kazi, Mikidadi akiwa na bisibisi mkononi na Josephina mwenyewe akimletea maji ya kunywa.

Akakalishwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa mpaka adhana ya alasiri. Bati likapata moto, na kovu likaanza kuwasha. Lilianzia chini ya sikio la kushoto, likakatisha shavu, likaishia kwenye kona ya mdomo. Lilikuwa limevimba na kung'aa, nene kama kidole cha mwisho, na mwisho wake ulivuta mdomo juu kidogo, hivyo hata akiwa na huzuni alionekana kama anayemcheka mtu kwa dharau. Hakutaka kulikuna mbele ya watu. Alikaa juu ya viganja vyake, akainuka, akakaa tena, na kila alipoinuka kijana mmoja wa ulinzi aliinuka pamoja naye.

Jioni ikajulikana kwamba mwizi ni mpangaji wa Josephina mwenyewe, aliyekuwa na nakala ya ufunguo. Alikamatwa stendi, televisheni imeviringishwa kwenye blanketi. Mwenyekiti alimsindikiza Mikidadi mpaka nje, akampa mkono.

"Usilichukulie vibaya, fundi," alisema. "Ni uso wako tu uliotuchanganya."

Mikidadi alirudi nyumbani, akaoga, akakataa chakula. Alizunguka uani, akalitengeneza bomba lisilokuwa na tatizo, akaenda kusimama mlangoni, akarudi. Binti yao mdogo, Shukuru, alimfuata nyuma akidhani ni mchezo. Hidaya alimwacha. Alipomwona ameketi hatimaye, alimwambia kwamba kwa miaka yote hii alikuwa akimsikia akijikuna usingizini, na kwamba pengine umefika wakati wa kwenda kwa daktari wa ngozi badala ya hayo makopo. Makopo yalikuwa chini ya kitanda: mafuta ya sokoni, dawa za miti, na tyubu moja aliyouziwa na mama mmoja aliyemhakikishia kwamba hata kovu la kuzaliwa linaondoka. Ile tyubu haikuliondoa. Ilichubua ngozi ya pembeni tu, kovu likabaki jeusi katikati ya uwanja mweupe.

Basi akaenda.

Daktari wa ngozi, Magdalena, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na vidole vya baridi. Alilibonyeza kovu kuanzia sikioni mpaka mdomoni, akauliza ni la lini na lilipatikanaje. Mikidadi alisema ni la utotoni, ajali ya panga shambani, kijijini Kinole. Hakusema zaidi, na daktari hakumsukuma. Akamwomba afungue mdomo wazi. Mikidadi alifungua alivyoweza. Upande wa kushoto uligoma.

Daktari alimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kovu kama lile ni nyama iliyopewa kazi ya kuziba kidonda na ikakataa kuacha kazi, na kwa watu wa ngozi nyeusi jambo hilo ni la kawaida. Kulikuwa na sindano, ambazo huchomwa ndani ya kovu lenyewe kila mwezi ili lilainike na kushuka. Zingepunguza pia kuwasha. Kulikuwa na bandeji laini za silikoni za kubandika kila siku kwa miezi. Kulikuwa na leza, mashine ya miale ya mwanga, lakini kwa hiyo angempeleka Dar es Salaam, na kwa ngozi yake ilitaka mtu mwenye uzoefu, kwani ikipigwa vibaya huacha mabaka. Na kulikuwa na upasuaji. Upasuaji peke yake hakuupenda. Ukilikata kovu la namna hii ukaishia hapo, alisema, linarudi na ndugu zake. Lakini kona ya mdomo ilihitaji kufunguliwa, kwa hiyo huenda wangefika huko baadaye, sindano zikiwa zimeshatangulia na zikifuata tena baada ya kushonwa.

"Litafutika?" Mikidadi aliuliza.

"Halitafutika. Litalala."

Alimwambia pia atupe ile tyubu siku hiyohiyo.

Sindano ya kwanza ilimtoa machozi. Haikuwa kama sindano ya mkononi. Ndani ya kovu hapakuwa na nafasi, na dawa ilibidi isukumwe kwa nguvu. Alikamata ukingo wa kiti mpaka ikaisha. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Hidaya amjue, alilala bila kujikuna. Asubuhi aliamka amejawa na matumaini kupita kiasi, akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Kovu lilikuwa palepale.

Tangu hapo hakutulia. Alijitazama kwenye kioo, kwenye simu, kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, hata kwenye vitasa vipya vinavyong'aa kabla ya kuvifunga mlangoni mwa mtu. Alilipima kwa kidole, akaliminya kuona kama limelainika, mpaka Hidaya akawa anamshusha mkono kama anavyomshusha Shukuru kidole puani. Kila jioni Hidaya alimwosha shavu, akalikausha, akambandika ile bandeji ya silikoni. Walikuwa wameahirisha matofali ya chumba cha pili kwa ajili ya tiba hii, na hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini Mikidadi alikuwa akiliona kila akipita kwenye msingi ulioota majani.

Baada ya sindano kadhaa kovu lilianza kushuka karibu na sikio. Karibu na mdomo halikushuka hata kidogo. Daktari alisema wavute subira. Mikidadi alitoka pale na neno hilo likimchoma kuliko dawa.

Ndipo alipomsikiliza Rehani. Rehani alikuwa na saluni ya kiume yenye viyoyozi, na siku Mikidadi alipokwenda kumrekebishia kufuli ya mlango wa nyuma, alimwonyesha mashine iliyofunikwa kwa taulo. Alisema ni leza, ileile wanayotumia mahospitalini, na kwamba ameshawafuta watu chale, michoro na makovu kwa wiki moja. Mikidadi alijua daktari alichomwambia. Alilijua neno kwa neno. Lakini alikuwa amechoka kusubiri, na kiti kilikuwa hapo, na Rehani alikuwa ameshakiinamisha.

Haikuchukua hata kitambo. Mashine ililia, akahisi kama cheche ya kuchomelea imemwangukia, kisha akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nyama yake. Akamsukuma Rehani mkono, akainuka, akatoka nje na kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni. Alama aliyoachiwa ilikuwa na ukubwa wa harage, chini kidogo ya kovu, mahali ambapo ngozi ilikuwa nzima.

Daktari Magdalena hakumgombeza. Alisafisha kidonda, akakifunga, kisha akasema kwamba sindano zitasimama mpaka kipone, na upasuaji waliokuwa wameuzungumzia utasogea mbele. Kwa Mikidadi hilo lilikuwa kubwa kuliko kugombezwa. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, jua likiwa utosini na milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu mpaka kiunoni.

Hidaya ndiye aliyempigia simu Pazi. Hakumwambia mumewe.

Pazi alikuwa kaka yake Mikidadi, mkubwa kwake, mkulima wa mdalasini na pilipili manga kulekule Kinole. Panga lililomkata Mikidadi lilitoka mkononi mwake. Walikuwa wavulana wawili wakifyeka kati ya miti ya mdalasini, Pazi akarusha mkono, panga likachomoka kwenye mpini. Ilikuwa masika na barabara ilikuwa imekatika. Bibi yao aliziba kidonda kwa majivu na majani, na Pazi akambeba mdogo wake mgongoni kushuka mlima, lakini walipofika hospitali kidonda kilikuwa kimeshaoza pembeni, na kilishonwa kwa kuvutavuta. Tangu hapo Pazi hakumtazama mdogo wake usoni sawasawa. Wakikaa pamoja, alichagua upande wa kulia. Hawakuwa wamegombana. Walipeana mikono kila Idi, waliulizana hali za watoto, na mengine yote waliyaacha.

Alikuja siku ya pili na gunia la machungwa na mkungu wa ndizi, akaviweka uani. Mikidadi alimwamkia shikamoo, Pazi akaitikia marahaba, akamtazama Shukuru akikimbilia machungwa. Hidaya aliwawekea chai kibarazani kisha akampeleka mtoto kwa jirani.

Walikaa. Pazi akaeleza habari za mvua, habari za bei ya pilipili, habari za mti ulioanguka juu ya choo cha msikiti. Mikidadi aliinuka akafunga dirisha. Akaketi. Akainuka tena kuchukua sukari ambayo ilikuwa tayari mkekani.

"Shemeji kaniambia unalitibu," Pazi alisema mwishowe, macho yakiwa kwenye kikombe.

Mikidadi alisema ndiyo. Alimweleza habari za sindano na za daktari, na za kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa kama mwizi. Alipofika hapo sauti ikaanza kupanda, na alishangaa mwenyewe, maana alikuwa amejiambia hana kinyongo, na alikuwa amewaambia hivyo watu wote kwa miaka yote hiyo. Ajali ni ajali. Mungu ndiye aliyepanga. Sasa alikitua kikombe kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye mkeka.

"Nilikuambia mpini umelegea," alisema. "Asubuhi ile, kabla hatujatoka. Nilikuambia."

Pazi aliweka kikombe chini.

"Uliniambia," alisema.

"Ukasema nakwepa kazi."

"Nilisema hivyo."

Hakusema samahani, hakusema wakati ule walikuwa watoto, hakulia. Alimtazama mdogo wake usoni, upande wa kushoto, kuanzia sikioni taratibu mpaka mdomoni, mpaka kwenye ile alama mpya ya Rehani iliyofungwa bandeji, na Mikidadi akaona jinsi ilivyomgharimu. Mikidadi ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

Waliendelea kunywa chai hadi Hidaya akarudi. Pazi alipoondoka alisema kwamba siku ya upasuaji ikipangwa apigiwe simu, atakuja kumsindikiza. Mikidadi alimjibu kwamba haina haja, Hidaya yupo. Pazi akasema atakuja.

Kidonda cha saluni kilipona, sindano zikaanza upya, na miezi ikaenda. Kiangazi kilipoingia daktari akaridhika kwamba kovu limelainika vya kutosha. Yeye na mwenzake wa upasuaji wangekata ile sehemu iliyovuta mdomo, waupange mstari uende kwa kupindapinda ili ngozi isivutwe tena upande mmoja, na baada ya hapo sindano zingefuata mapema, kabla kovu halijapata wazo la kuamka.

Asubuhi ya upasuaji Pazi alikuwa getini kabla yao, amevaa shati la Idi. Mikidadi alichomwa ganzi, lakini alikuwa macho, akisikia mkasi na sauti za madaktari wakiombana vifaa. Alitaka sana kutikisa mguu. Muuguzi aliliwekea mkono goti lake na kumwambia hesabu pumzi, naye akajaribu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Walipomaliza, upande mzima wa uso ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Nje Hidaya alikuwa peke yake kwenye viti. Alimweleza kwamba shemeji yake alikaa dakika chache tu akaondoka bila kuaga. Mikidadi hakuwa na uwezo wa kuzungumza, na kwa kuwa hakuweza, hasira ilimjaa yote. Wakangoja dawa, wakangoja maelekezo, na walipokuwa wanatoka getini wakamwona Pazi anakuja kutoka upande wa mjini, viatu vimejaa vumbi, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka stendi ya Msamvu, akageuka, akaenda mpaka soko kuu, akageuka, na asingeweza kueleza alikuwa akitafuta nini. Alimwambia Hidaya kwamba kile chumba cha kusubiri kilikuwa na harufu ileile ya hospitali ya siku ile. Kisha akachukua mfuko wa dawa kutoka mkononi mwa mdogo wake, akaita bajaji, akamsaidia kuingia kama anayempandisha mzee.

Alikaa nao siku chache. Hidaya alimfundisha kusafisha mshono, na kila asubuhi Pazi alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akachovya pamba kwenye maji ya chumvi, akafuta nyuzi moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza pamba iliishia hewani, mpaka Mikidadi akashika kiganja chake na kukiongoza. Siku ya tatu alikuwa akifanya haraka na vizuri kuliko Hidaya, tena akimkemea Mikidadi asicheke wala kutafuna upande ule.

Nyuzi zilitolewa. Kovu jipya lilikuwa jekundu na jembamba, na wiki za kwanza Mikidadi aliliogopa kuliko la zamani, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kupoteza. Kila lilipowasha kidogo aliamka kwa hofu akidhani linarudi. Alimpigia daktari simu mara nyingi mno, mpaka akaona aibu. Sindano zikafuata. Sehemu moja karibu na shavu ilijaribu kuvimba, ikachomwa, ikashuka. Ngozi iliyozunguka ilibaki na rangi mbili, na ile alama ya harage ilibaki pia. Daktari alimwambia wazi kwamba hivyo viwili vitapungua lakini haviondoki.

Mtaani hayakubadilika mengi kwa ghafla. Waliomzoea walimwambia amependeza. Josephina, ambaye hakuwahi kumshuku hata siku ile, alimwita amwekee vitasa nyumba nzima. Wengine waliendelea kumtazama shavuni wanapofungua mlango, kisha wakasogea kumpisha. Wapo waliotazama tu kitasa kibovu. Mikidadi alikuwa anawasoma wote, bado, kila mlango, na ilimchosha. Hidaya alipomuuliza kama amefurahi, aliweka bisibisi chini. Alisema uso umetulia kuliko yeye mwenyewe. Lakini alikuwa anaweza kunywa maji bila kuchuruzika shingoni, na alikuwa anaweza kufungua mdomo wote kung'ata muhindi wa kuchoma, na Shukuru alidai kila mara aonyeshwe.

Mvua za vuli zilipoanza daktari alimwambia sindano zisimame kwanza, arudi baada ya miezi sita au wakati wowote akiona mabadiliko. Mikidadi alitoka nje ya hospitali asubuhi ile bila kujua afanye nini na siku yenyewe. Alikuwa amezizoea mbio za tiba. Alisimama chini ya mti wa maegesho, akampigia Pazi, akamweleza.

Pazi akauliza kama linawasha. Mikidadi akasema haliwashi. Pazi akasema alhamdulillah, akahamia kwenye habari ya karafuu, halafu ya barabara, halafu ya mkewe kusumbuliwa na meno. Akasema pia kwamba mlango wa ghala umevimba kwa mvua na kitasa hakishiki, mdalasini wote umo ndani, na fundi wa kijijini ameshindwa.

Mikidadi alisema atapanda Jumamosi. Alimuuliza mlango unafungukia ndani au nje, na ubao wake ni wa mti gani, kisha akatembea kuelekea soko kuu kutafuta bawaba.